Faili Inayoishia na .omod

Faili yenyewe ilikuwa ndogo, haikufika megabaiti mbili. Niliibeba kwenye flashi iliyofungwa pamoja na funguo zangu, nikapanda matatu, kisha bodaboda, hadi kituo cha afya kimoja magharibi mwa Kenya ambako mtandao wa simu ulipatikana tu ukisimama karibu na tangi la maji. Kazi niliyotumwa ilikuwa ya nusu saa. Niingie kwenye kompyuta ya kituo, nifungue ukurasa wa usimamizi, nipakie faili, nibofye kitufe cha kuianzisha, ninywe chai, nirudi. Ilikuwa programu-jalizi, au moduli kama tulivyozoea kuiita, ya kutoa ripoti za mwisho wa mwezi kwenye OpenMRS, mfumo huria wa kuhifadhi rekodi za wagonjwa.

Muuguzi aliyesimamia kliniki ya VVU alinipisha kwenye kiti chake shingo upande.

"Kijana, hii haitaniharibia fomu zangu?"

"Hapana, Sista. Hii inaongeza tu. Haigusi kingine chochote."

Sikuwa nikimdanganya. Nilikuwa narudia ahadi ambayo mfumo mzima ulijengwa juu yake, na ahadi hiyo ilikuwa na umri mkubwa kuliko kazi yangu pale. Ilianzia kilomita chache tu kutoka mjini Eldoret, kabla hata neno moduli halijatamkwa.

Mosoriot iko kando ya barabara inayotoka Eldoret kwenda Kapsabet. Februari 2001 kituo cha afya cha hapo kilianza kutumia mfumo wa rekodi uliotengenezwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani. Ulijengwa kwa Microsoft Access. Badala ya mgonjwa mmoja kuandikwa kwenye madaftari kadhaa, ziara yake ilijazwa kwenye karatasi moja, na karatasi hiyo ikaingizwa kwenye kompyuta. Katika miezi sita ziliingizwa rekodi 10,000 za ziara, za wagonjwa 6,190. Waliopima matokeo waliona kwamba muda wa ziara ulipungua kwa asilimia 22. Waliona pia, na wakaliandika bila haya, kwamba wafanyakazi sasa walipata muda zaidi wa shughuli zao binafsi. Napenda ripoti ya kitaalamu inayokiri jambo kama hilo.

Access inatosha kituo kimoja. Lakini mwaka huo huo wa 2001 vyuo vile viwili, pamoja na hospitali ya rufaa ya Moi, vilianzisha AMPATH, mpango wa kutibu watu wenye VVU, na wagonjwa wakaanza kuongezeka kwa kasi ambayo hakuna jedwali la Access lililoweza kuifuata. Ugumu haukuwa wingi wa watu peke yake. Matibabu ya VVU yalikuwa yakibadilika kila mara: dawa mpya, kipimo kipya, swali jipya kwenye fomu. Katika mfumo uliojengwa kwa safu na nguzo za kawaida, kila swali jipya linadai nguzo mpya kwenye jedwali, na kila nguzo mpya inamdai mtu anayejua kuiongeza. Mtu huyo akiwa safarini, swali linasubiri.

Februari 2004 madaktari wawili wa Taasisi ya Regenstrief ya Indianapolis, Burke Mamlin na Paul Biondich, walifika Eldoret kusaidia. Taasisi yao ilikuwa ikiweka rekodi za wagonjwa kwenye kompyuta tangu 1972, kwa hiyo walikuwa wameshaona makosa mengi kabla ya kuyafanya. Waliamua kutokiongezea viraka kilichokuwepo. Walichora muundo mpya ambamo maswali ya kliniki hayakai ndani ya msimbo wala kwenye nguzo za jedwali, bali kwenye kamusi ya dhana. "Uzito" ni ingizo kwenye kamusi, lenye nambari yake. "Anakohoa" ni ingizo jingine. Kila kinachopimwa kinahifadhiwa kama sentensi fupi: mgonjwa huyu, tarehe hii, dhana hii, jibu hili. Kliniki ikitaka kuuliza jambo jipya inaongeza neno kwenye kamusi, na mwandishi wa programu anaendelea kulala. Kwa maoni yangu roho ya moduli ilizaliwa hapo, miaka kadhaa kabla ya mwili wake. Ni ile imani kwamba wa mbali hawezi kujua utakachohitaji kesho, basi akuachie mlango.

Mwaka huo huo, kwenye mkutano wa kimataifa wa tarakilishi za tiba uliofanyika San Francisco, walikutana na Hamish Fraser wa Partners In Health, shirika lililokuwa tayari limejenga mfumo wake wa wagonjwa wa kifua kikuu sugu nchini Peru. Chris Seebregts wa Baraza la Utafiti wa Tiba la Afrika Kusini naye akaingia. Hawa watu wangeweza kila mmoja kujenga chake. Waliamua kujenga kimoja na kukitoa bure, msimbo wake ukiwa wazi kwa yeyote.

Mwaka 2006 mfumo ulianza kazi mahali patatu: Eldoret mwezi Februari, Rwinkwavu nchini Rwanda mwezi Agosti, kisha hospitali ya Richmond, KwaZulu-Natal, kabla mwaka haujaisha. Hapo ndipo ugomvi wa kawaida wa programu huria ulipobisha hodi. Eldoret walitaka fomu zao. Rwanda walitaka kitu kitakachoelewana na intaneti ya setilaiti inayokatika. Richmond walikuwa na utaratibu mwingine wa kliniki na ripoti nyingine za serikali. Waandishi wakuu wa msimbo walikuwa wachache, miongoni mwao Ben Wolfe upande wa Regenstrief na Darius Jazayeri upande wa Partners In Health, na kila ombi lilipita mikononi mwa watu hao hao.

Zilikuwepo njia tatu. Ya kwanza, kila nchi ichukue nakala ya msimbo, ibadilishe itakavyo, iende zake. Baada ya mwaka mmoja zingekuwepo OpenMRS tatu zisizosalimiana. Ya pili, kila mtu atupie anachotaka ndani ya kiini, na mfumo ujae swichi za kuwasha na kuzima hadi usijulikane ni wa nani. Ya tatu ilikuwa kukifanya kiini kiwe kidogo na kizito kubadilika, na kukitoboa matundu ambayo mtu yeyote anaweza kuchomeka kipande chake bila kuomba ruhusa. Walichagua ya tatu, na kipande hicho wakakipa kiambishi chake cha mwisho: .omod.

Nimefungua nyingi za faili hizo, na bado napenda zilivyo nyepesi kueleweka. Faili ya .omod ni kifurushi cha Java cha kawaida kilichobadilishwa jina. Kifurushi cha Java nacho ni faili ya zip. Kwa hiyo programu yoyote ya kufungua zip inaifungua, na ndani utakuta msimbo uliokwisha kutafsiriwa kwa mashine, kurasa zake, maandishi ya lugha mbalimbali, na faili moja inayoitwa config.xml. Hiyo ya mwisho ndiyo barua ya utambulisho. Inasema: jina langu ni hili, toleo langu ni hili, aliyeniandika ni huyu. Inasema nahitaji kiini kisichopungua toleo fulani. Inasema nahitaji moduli hizi nyingine ziwe zimeamka kabla yangu. Inasema naomba nafasi kwenye ukurasa wa mgonjwa, hapa, chini ya kichwa hiki. Inaleta hata haki mpya za watumiaji, ili msimamizi aamue nani aione.

Kisha kuna ombi moja ambalo lilinishtua nilipolisoma mara ya kwanza. Moduli inaweza kuomba kuitwa kila kiini kinapofanya jambo fulani. Kila mgonjwa anapohifadhiwa, niite kwanza. Au niite baada ya hapo. Au nipe mimi, nitaamua kama kiini kiendelee. Pia moduli inaweza kubeba maagizo ya kubadilisha hifadhidata: ongeza jedwali, badilisha nguzo, na maagizo hayo yanatekelezwa pindi inapoanza. Msimamizi wa kituo alichokiona ni kitufe tu. Ile "inaongeza tu, haigusi" niliyomwambia Sista ilikuwa desturi nzuri ya waandishi wengi wa moduli. Haikuwa sheria ya mashine.

Faida yake ilionekana mapema. Fomu za kwanza za OpenMRS zilitegemea InfoPath, programu ya Microsoft ya kujazia fomu. Yaani mfumo uliotolewa bure kwa hospitali maskini ulihitaji, kwenye kila meza ya karani, leseni ya kununua. Waliojenga walilijua hilo, lakini InfoPath ilikuwepo na ilifanya kazi, na wagonjwa hawakuwa wakisubiri usafi wa itikadi. Jambo la kuangalia ni kwamba uhusiano na InfoPath uliwekwa kwenye moduli, nje ya kiini. Kwa hiyo asiyeipenda hakuhitaji kushinda mjadala na mtu yeyote. Daniel Kayiwa, mwandishi wa programu kutoka Uganda, aliandika moduli ya XForms, iliyowezesha fomu kujazwa kwenye kivinjari na hata kwenye simu. Upande wa Partners In Health ikatoka moduli nyingine, HTML Form Entry, ambayo mtu aliyejua kutengeneza ukurasa mwepesi wa wavuti aliweza kuitumia kutengeneza fomu. InfoPath haikufukuzwa na azimio la kamati. Iliachwa kidogo kidogo, kituo kimoja kimoja, hadi ikakosa wateja.

Moduli ziliongezeka. Tangu 2007 mradi ulishiriki mpango wa Google wa kuwalipa wanafunzi waandike programu huria wakati wa likizo, na mwanafunzi mara nyingi hupewa moduli, kwa sababu moduli ina mwanzo na mwisho. Zikaja za maabara, za kuunganisha rekodi za mgonjwa aliyeandikishwa mara mbili, za kubadilishana data na mifumo mingine. Ikaja ya Sync, iliyotumika Rwanda kusafirisha mabadiliko kati ya seva za vituo mtandao ukirudi. Zilikusanywa kwenye ghala moja la wavuti ambako ungetafuta jina, ukapakua toleo, na kwenye mfumo wenyewe kulikuwa na ukurasa wa kuzisimamia: ongeza, boresha, anzisha, simamisha, ondoa. Mtindo huu haukuvumbuliwa hapo. Watumiaji wa lugha ya Perl walikuwa na ghala lao tangu 1995, na wa TeX kabla yao. Ila maghala hayo yaliwahudumia watu waliojua walichokuwa wakipakua. Huku kwetu aliyebofya alikuwa karani wa data, au muuguzi aliyesomeshwa siku mbili, au kijana mwenye flashi.

Sasa fanya hesabu. Chukua kituo chenye moduli 20, na useme kila moja ina matoleo matatu tu yanayozunguka vijijini. Michanganyiko inayowezekana inazidi bilioni tatu. Mwandishi wa moduli, awe Indianapolis, Kampala au Kigali, hujaribu kazi yake kwenye mchanganyiko mmoja au miwili, aghalabu ule mpya kabisa. Barua ya utambulisho inaweza kusema "nahitaji toleo hili au la juu yake", lakini hakuna anayeweza kuandika leo kwamba toleo litakalotoka mwakani litamvunja. Kituo chenye moduli 20 ni cha pekee duniani, na hakuna aliyewahi kukijaribu isipokuwa wagonjwa wake.

Hicho ndicho kilichonikuta. Moduli yangu ya ripoti ilikataa kuanza. Ikasema waziwazi kwamba inahitaji toleo jipya zaidi la moduli ya fomu. Nilikuwa nalo kwenye flashi, nikalipakia juu ya lile la zamani. Ripoti zikaamka. Nikaletewa chai. Sista akaita mgonjwa wa kwanza, akafungua fomu ya ziara, na ukurasa ukaja na maandishi marefu ya kosa badala ya maswali yake. Kumbe ilikuwepo moduli ya tatu, ndogo, iliyoandikwa na mtu aliyehudumia kituo kile kabla yangu, na fomu zote za kliniki ziliitegemea. Nayo ilitegemea kipande cha msimbo ambacho toleo jipya la moduli ya fomu lilikuwa limekiondoa. Moduli hiyo ya tatu haikuwa kwenye ghala lolote. Nilijaribu kurudisha toleo la zamani la moduli ya fomu, lakini lile jipya lilikuwa limeshabadilisha majedwali, na la zamani halikuyatambua tena. Nakala ya akiba ya hifadhidata ilikuwa kwenye diski mjini, ya wiki tatu nyuma.

Sista hakunigombeza. Alitoa kabatini daftari kubwa la jalada gumu, akapiga mistari kwa rula, akaendelea na foleni. Nilipoondoka jioni alikuwa bado anaandika kwa mkono.

Ilichukua siku kumi na moja kumpata aliyeiandika ile moduli ya tatu, kupata msimbo wake kutoka kwenye kompyuta yake ya zamani, na kuurekebisha. Kwa siku kumi na moja wagonjwa walihudumiwa. Karatasi haihitaji toleo. Kilichokosekana ni orodha ambayo mfumo uliichapa kila asubuhi ya waliokosa kuja kliniki siku iliyopita. Wahudumu wa kujitolea walioitumia kuwafuata watu majumbani walikuja, wakasimama mlangoni, wakarudi mikono mitupu. Mtu anayekosa dawa za VVU kwa wiki mbili hajafa. Lakini kirusi mwilini mwake hakingojei, na kila mtu kwenye chumba kile alilijua hilo kuliko mimi.

Kwa muda mrefu nilidhani kosa lilikuwa langu peke yangu, na sehemu kubwa kweli ilikuwa yangu. Baadaye nilianza kuona kwamba mradi mzima ulikuwa ukigongana na ukuta ule ule, na kwamba jibu lililopatikana lilibadilisha maana ya ahadi ya mwanzo.

Jibu lilikuwa mgawo kamili: mtu au taasisi ichague kiini cha toleo fulani, moduli fulani za matoleo fulani, kamusi na fomu, izijaribu pamoja, izifunge pamoja, izipe jina moja. Kenya, kuanzia 2012, ilijengewa KenyaEMR na I-TECH ya Chuo Kikuu cha Washington kwa ajili ya Wizara ya Afya, nayo ikasambazwa kwenye mamia ya vituo ndani ya miaka michache. Kituo hakikuchagua moduli. Kilipokea kifurushi kizima, kikiwa na fomu za taifa na ripoti ya MOH 731 ambayo zamani watu walikesha kuijumlisha kwa kikokotoo. Uganda ikawa na UgandaEMR, inayosimamiwa kutoka Shule ya Afya ya Jamii ya Chuo Kikuu cha Makerere. India, kwenye hospitali ya Ganiyari jimboni Chhattisgarh, ikaanzia Bahmni, inayounganisha OpenMRS na programu nyingine huria za maabara na uhasibu.

Ukiuchungulia ndani, mgawo kamili ni kitu cha kuchekesha kwa wepesi wake. Moyo wake ni faili ya maandishi matupu: kila mstari jina la moduli, alama ya usawa, nambari ya toleo. Msimbo wote bado umo kwenye moduli zile zile. Kilichoongezwa ni orodha, na mtu anayesema orodha hii ni yangu, ikivunjika niiteni mimi.

Wapo waliolalamika, na malalamiko yao nayaheshimu. Mganga wa kituo anayetaka swali moja la ziada kwenye fomu sasa analipeleka ngazi ya taifa na kusubiri toleo lijalo. Ni kusubiri kule kule ambako kamusi ya dhana ilizaliwa kukuondoa. Lakini nikiulizwa nichague, nachagua orodha yenye mwenyewe. Uhuru wa kuongeza chochote, kwenye kituo kisicho na mtu wa kurekebisha, ulikuwa uhuru wetu sisi wenye flashi. Aliyebeba gharama yake alikuwa mtu mwingine.

Kiini nacho kiliendelea kukonda. Mwaka 2016, kwenye toleo la 2.0, kurasa za zamani za OpenMRS zenyewe, zile ambazo karani alidhani ndiyo OpenMRS, zilitolewa kwenye kiini na kufanywa moduli. Ukiweka kiini pekee hukuona kitu cha maana kwenye kioo. Uso wenyewe sasa ulikuwa kitu cha kuchomeka.

Kisha, mwanzoni mwa 2019, ikatangazwa hitilafu ya usalama iliyopewa nambari CVE-2018-19276. Watafiti wa kampuni ya Bishop Fox waligundua kwamba mtu asiye na akaunti wala nywila angeweza kutuma ujumbe uliotengenezwa kwa ujanja na kuiamrisha seva ifanye atakalo. Uzito wa hatari ulipimwa 9.8 kati ya 10. Hitilafu haikuwa kwenye kiini. Ilikuwa kwenye moduli ya huduma za wavuti, ile inayoziwezesha programu nyingine kuongea na OpenMRS, na kwa hiyo ilikuwa karibu kila mahali. Dawa yake ilikuwa faili moja ya .omod, toleo la 2.24.0. Aliyekuwa na mgawo kamili alibadilisha nambari kwenye mstari mmoja wa orodha, akatoa kifurushi kipya, na alijua vituo vyake ni vipi. Kwa vituo vilivyojikusanyia moduli kimoja kimoja, kama vyangu vya zamani, hapakuwa na mtu aliyeshika orodha ya kuwatafutia. Nilitumia wiki nzima ya mwaka huo kupiga simu kwa watu ambao baadhi yao hawakukumbuka tena seva iko chumba gani.

Leo kizazi kipya cha OpenMRS, cha tatu, kinachora kurasa zake kwa vipande vya JavaScript vinavyosambazwa kupitia npm, ghala kubwa la waandishi wa wavuti. Vinaorodheshwa tena kwenye faili, jina na nambari. Ghala hilo lina kumbukumbu yake yenyewe: tarehe 22 Machi 2016 Azer Koçulu, baada ya kugombana na npm kuhusu jina la kifurushi kimoja, aliondoa vifurushi vyake vyote. Mmojawapo, left-pad, ulikuwa na mistari 11 ya msimbo wa kujaza nafasi upande wa kushoto wa maandishi, na miradi mikubwa duniani ikashindwa kujengwa hadi uliporudishwa. Ghala jingine, Bintray, lilifungwa na wenyewe tarehe 1 Mei 2021, likiwa limetoa notisi ya miezi mitatu hivi. Waliokuwa wameweka humo faili zao walihama.

Mimi ghala ninaloliamini zaidi niliwahi kuliona lilipoanzishwa. Siku ya kumi na mbili nilirudi kwenye kile kituo na moduli ya tatu iliyorekebishwa. Safari hii nilitoa kwanza nakala ya hifadhidata, kisha nikapakia, kisha nikakaa hadi wagonjwa sita wapite. Sista alikuwa na kurasa nyingi za daftari za kuingiza. Alizimaliza kwa Jumamosi mbili. Kabla sijaondoka nilinakili kwenye flashi kila faili ya .omod iliyokuwa ikifanya kazi, nikaandika kwenye karatasi majina yote na nambari zake, nikamwomba selotepu niibandike ubavuni mwa kompyuta.

"Hii ni nini?"

"Ni majina ya vitu vilivyomo ndani, Sista, na matoleo yake."

Aliisoma kutoka juu hadi chini, kidole kikifuata mistari, kama asomaye karatasi ya dawa za mgonjwa wa wodini. Akaichukua kutoka mkononi mwangu, akaiweka mezani, akapiga mistari miwili kwa rula upande wa kulia. Juu ya mmoja aliandika tarehe, juu ya wa pili, sahihi.

"Ukija kubadilisha, unaandika hapa. Mwingine akija, naye anaandika hapa. Flashi itakaa kwangu."

Akaifungia kwenye droo ya mihuri, akanipa kalamu.